UZI: Akili isilale tukiwa nyumbani na watoto wadogo. Mimi nimeshika utenzi, ninyi mmeshika nini?

MamaWaNgamiani

Asalaam aleikum, habari za saa hizi. Uzi huu ni wa akina mama, na akina baba pia, mnaoshinda nyumbani na watoto ambao hawajaanza shule. Sizungumzii malezi ya mtoto, nyuzi za malezi zimejaa humu. Nazungumzia kichwa cha mlezi mwenyewe.

Nilikuwa karani kwa wakala mmoja wa forodha hapa Tanga. Kazi ya nyaraka na tarakimu, ya kubishana na watu kutwa nzima kwa hoja. Alipokuja mtoto wa pili tukapiga hesabu na mwenzangu: mshahara wa dada wa kazi, nauli, chakula cha mchana, maziwa ya kopo. Kilichobaki hakikuwa na maana, nikabaki nyumbani. Watoto wangu nawapenda na sijutii kuwa nao. Ila watu wote waliokuja kunipa hongera ya uzazi hakuna aliyeniambia kwamba mwili unaweza kuchoka mpaka unaanguka, na wakati huo huo akili ikawa na njaa. Unashinda kutwa unasema "shuka hapo", "toa mdomoni", "njoo nikufute". Jioni baba watoto anauliza habari za leo, huna cha kumsimulia.

Kitabu ni kizuri, lakini kinataka mikono miwili na utulivu, na mdogo wangu akiona karatasi anaona kitu cha kuchana. Simu unaishika mara moja, ukija kuiweka chini adhuhuri imeingia na hukumbuki ulichosoma. Redio inasaidia, sikatai, ila redio inasema yenyewe na wewe hujibu.

Kilichonifaa ni kutunga utenzi kichwani. Nawaambia kwa dhati, kama kuna mtu alizaa leo na ataniuliza ashike nini, nitamwambia ashike hiki. Sababu ni kwamba hakihitaji mikono wala kimya. Mtoto akilia unakiacha, akinyamaza unakikuta palepale.

Kwa wasiojua kanuni: ubeti wa utenzi una vipande vinne, kila kipande mizani nane, yaani silabi nane. Vipande vitatu vya kwanza vinaishia kwa kina kimoja, yaani silabi ya mwisho inayofanana. Cha nne kina kina chake, na hicho hakibadiliki kutoka ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, hata ukitunga beti mia. Mizani naihesabu kwa mkono mmoja, maana wa pili huwa una mtoto: kidole gumba kinagusa vidole vinne, kinarudi tena vinne, nane imetimia.

Juzi asubuhi uji wa ulezi uko jikoni, mdogo nimembeba mgongoni, mkubwa amekaa kwenye beseni la nguo anasema ni jahazi. Nikaanza pale pale:

Mwanangu tulia chini
Mama yuko safarini
Safari ya akilini
Mwili umebaki hapa

Uji nao wachemka
Na jua lapambazuka
Neno langu latoweka
Nalishika, lanitupa

Beti mbili tu hizo. Ule ubeti wa pili ulinichukua mpaka adhuhuri, kwa sababu kila nikipata neno la kina cha *-pa* mtu ananiita "mama". Lakini siku hiyo baba watoto aliporudi nilikuwa na la kumwambia, na yeye akakaa kwenye mkeka akaanza kunihesabia mizani aone kama nimedanganya.

Na kwetu Tanga jambo hili lina wenyewe. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, kule Machui, mwaka 1909, na maisha yake ya kazi aliyaanza kama karani wa forodha. Alitunga huku akiajiriwa, na miongoni mwa tenzi zake upo aliomtungia binti yake. Kabla yake, huko kisiwani Pate, Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utenzi wake kwenye mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kumuusia binti yake Mwana Hashima. Mama na mtoto wake ndani ya nyumba, na utenzi ule unasomwa mpaka leo. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema mama wa nyumbani hana cha kufikiri, nashindwa kumwelewa.

Haya, semeni. Ninyi mmeshika nini?

---

Zuhura_Makorora

Waaleikum salaam. "Nalishika, lanitupa" imenikaa kooni, dada. Mimi wangu ana miezi minane. Ninachofanya ni kupika kitu kimoja kipya kila Ijumaa, lakini nimeona hapo akili haifanyi kazi sana, ni mikono tu. Nitaujaribu huu utenzi. Nafuatilia uzi.

---

MamaPacha_Duga

Mada nzuri, lakini mimi nina neno. Kila mahali mama anaambiwa ajipange: ajipange kupika, ajipange kupendeza, sasa ajipange na kufikiri. Mimi nina pacha. Akili yangu haina njaa ya shairi, ina njaa ya usingizi. Usiku wa kwanza niliolala saa sita mfululizo niliamka nikajikuta nafikiri vizuri kuliko niliposoma kitabu chochote.

Na baba wa watoto yuko wapi katika hadithi yako? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba alipewa siku 3. Tangu hapo ujumbe umeshatolewa kwamba kazi hii ni ya nani. Mimi nasema kabla mama hajatafuta cha kufikiri, apewe kwanza saa moja ya peke yake. Kuna wakati mtu anataka kukaa tu bila kuguswa.

---

MamaWaNgamiani

Mama Pacha, hapo sina ubishi na wewe. Usingizi kwanza. Mtu aliyekesha siku tatu ukimwambia ahesabu mizani unamwonea.

Kuhusu baba: kwetu tumeelewana, baada ya alasiri mpaka magharibi watoto ni wake. Anawapeleka Raskazone waone bahari, au wanakaa barazani na majirani. Haikuja yenyewe, ilibidi kuisema wazi, na kuisema tena. Lakini nitakueleza kitu nilichokiona. Ile saa niliyopewa, kama sina kilichoanza kichwani tangu asubuhi, naimaliza nikikunja nguo. Nikiwa na ubeti ambao haujakamilika, naikimbilia kalamu. Ndiyo maana nikasema utenzi ushikwe mchana, ndani ya kelele, ili saa ya kimya ikija ikukute na kitu mkononi.

---

BabaWaChumbageni

Naomba kuingia, maana kichwa cha uzi kimesema na akina baba. Mke wangu ni muuguzi pale Bombo, zamu zake ni za usiku na mchana. Mimi kazi yangu ni ya kushona viti na makochi hapa hapa nyumbani, kwa hiyo ninayeshinda na mtoto ni mimi. Miaka minne, anauliza mpaka basi.

Mimi si mtu wa mashairi. Nilichoshika ni maswali yake. Zamani nilikuwa namjibu "utajua ukikua". Nikaona swali moja kwa siku nilichukue kwa uzito, nilitafutie jibu la kweli, kwa ajili yangu kwanza na yeye baadaye.

Tulikwenda Deep Sea asubuhi, pale samaki wanaposhushwa. Akauliza, "Samaki mkubwa kabisa wa zamani ni nani?" Nikamwambia nitamjibu jioni. Nikaanza kufuatilia habari za silikanti, samaki wa kale, huyu huyu aliyewekewa hifadhi ya bahari hapa Tanga mwaka 2009. Jina nilikuwa nalisikia tu. Kumbe wataalamu waliamini alishatoweka duniani tangu enzi za dainosaria, zaidi ya miaka milioni 60 nyuma, wakamjua kwenye mawe tu, mpaka mwaka 1938 alipovuliwa mmoja hai Afrika Kusini. Miaka ya 2000 wavuvi wa huku kwetu wakaanza kuwatoa kwenye nyavu zao. Anaishi kwenye kina kirefu, kwenye miamba na mapango ya chini, mchana anajificha humo na usiku anatoka kuwinda. Na hatagi mayai nje, anazaa watoto walio hai.

Hilo la mwisho ndilo lililomshika mtoto. Akaniuliza, "Kwa hiyo na yeye ana mama anayekaa naye nyumbani?" Hapo nikabaki nikifikiri mpaka usiku, nikamsimulia mama yake aliporudi, tukazungumza mpaka chai ikapoa. Tangu hapo tumekwenda kwenye mkonge, kwamba ulifika nchini mwaka 1893 kutoka Amerika na si mmea wa kwetu, na tumekwenda kwenye mapango ya Amboni, kwamba ule mwamba ni wa chokaa na maji ndiyo yaliyouchimba taratibu. Maswali yanatoka kwake, majibu nayabeba mimi nikiwa na sindano mkononi. Sijawahi kusoma kwa hamu namna hii hata shuleni.

---

BibiWaPongwe

Wanangu, mjukuu wangu ndiye anayeniandikia haya, mimi nasema yeye anabonyeza.

Nimewasikiliza wote. Sisi tulilea, tena wengi, ila hatukulea peke yetu. Hilo ndilo mlilopungukiwa. Mchana kazi za jikoni zikiisha tunakutana uani kwa mmoja wetu, watoto wamelala kwenye mkeka mmoja, sisi tunasuka ukili. Mnaona mtu anasuka ukili mnadhani anasogeza mikono tu. Ukili wa maua una hesabu. Ukindu wa rangi unaingia baada ya miyaa mingapi, unapita juu ya mingapi, unazama chini ya mingapi, ukikosea mmoja ua linapinda na lazima ufumue. Na huku unahesabu, mwenzio anakutegea kitendawili au anakutupia fumbo la kanga aliyoiona mjini, nawe ujibu papo hapo bila kupoteza hesabu. Akili ilikuwa inafanya kazi mbili.

Wewe wa Ngamiani unatunga vizuri, lakini unatunga peke yako na kumsomea mumeo. Mumeo anakupenda, atasifu hata ubeti ukiwa mbaya. Tafuta mwenzio wa kukujibu. Shairi lilikuwa la kujibizana tangu zamani. Haya, mimi nakujibu:

Neno likikuponyoka
Liache, litakufika
Usiku likizunguka
Maana halitakwepa

---

MamaWaNgamiani

Bibi yangu, shikamoo! Umefunga kwa *-pa* yangu ile ile, na vipande vyote vimetimia. Nimeusoma ubeti wako kwa sauti mara kadhaa, mkubwa wangu amekariri kipande cha mwisho anazunguka nacho ndani. Hilo la mtu wa kujibu ni kweli kabisa. Nilikuwa nasema utenzi hauhitaji mikono wala kimya, naongeza: unahitaji mwenzio.

---

Nasra_ChuoHuria

Mimi nimechukua njia nyingine. Nina watoto wawili chini ya miaka mitano na ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria, kituo cha hapa hapa Tanga. Kile chuo kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa ajili ya watu ambao hawawezi kuacha maisha yao wakaenda kukaa bwenini, na hao ndio sisi.

Naomba nisilipambe. Ni vigumu. Ila nawapa mbinu yangu moja: watoto wakilala nasoma kurasa chache za kitini kwa sauti, najirekodi kwenye simu. Kesho yake nikifua nawasha rekodi, najisikiliza mwenyewe. Inapofika sehemu ambayo sikuielewa, sauti yangu yenyewe inaniambia, maana nilisoma kwa kusitasita. Hapo nasimamisha, nafikiri mpaka nguo ile imalizike. Mtihani wangu wa mwisho sehemu kubwa niliuelewa kwenye beseni.

Kwa ambao hawakumaliza sekondari, mnaweza kufanya mtihani wa maarifa kisha kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Msiogope umri wala mtoto wa mgongoni. Ulizeni Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, watawaelekeza.

Na mkitaka mahali pa kusomea mtoto akipata wa kubaki naye, maktaba ya mkoa ipo pale mjini, ile iliyojengwa enzi ya Mwingereza kwa jina la Mfalme George wa Sita. Wengi wetu tunapita nje yake kila siku tukienda sokoni.

---

Zuhura_Makorora

Nasra, hilo la kujirekodi nalichukua leo leo. Swali: wakati unasoma unawaweka wapi watoto? Mimi naona njia rahisi ni kumwekea katuni.

---

Nasra_ChuoHuria

Nasoma wakilala, ndiyo maana ni kurasa chache. Katuni kidogo kwa mkubwa, simlaumu anayeweka. Lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekewe skrini kabisa, na wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa 1 kwa siku. Wako ana miezi minane, muache achezee sufuria na mwiko. Kelele utazizoea.

---

Mkunga_Mstaafu

Nimeusoma uzi wote kwa furaha, naomba kuongeza jambo ambalo haliendi na mashairi, na naliandika kwa sababu huenda yupo anayesoma kimya kimya.

Kuna kuchoshwa na siku zinazofanana, hilo ndilo mnalolizungumza. Na kuna ugonjwa. Mama kulialia siku za mwanzo baada ya kujifungua ni jambo la kawaida na kwa wengi linaondoka ndani ya wiki mbili. Lakini likivuka hapo, ukawa huoni raha ya kitu chochote, hulali hata mtoto akilala, chakula hakipandi, unajiona hufai, au unawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, hapo usitafute kitabu wala utenzi. Nenda kituo cha afya, hata ile siku ya kliniki ya mtoto, mwambie muuguzi kuhusu wewe, si kuhusu mtoto tu. Ukiwaza kujidhuru usingoje siku ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo na mtu wa kukusindikiza. Yanatibika. Nimewaona wengi waliopona wakalea vizuri sana. Mume au mama mkwe anayesoma hapa, ukimwona mwenzio hivyo usimwambie "kaza moyo", mpeleke.

---

MamaPacha_Duga

Asante sana mkunga. Ujumbe huu nimeuhamishia kwa mdogo wangu sasa hivi.

Na mimi nimekaa nikafikiri tangu jana. Wifi yangu amekuja kuniangalizia pacha, nimelala, nimeamka, nimeoga bila mtu kugonga mlango. Halafu nikajaribu kutunga. Nimekwama hapa: "Mtoto wangu amelala". Kwa vidole napata tisa, nikihesabu tena napata nane. Ipi ni ipi?

---

MamaWaNgamiani

Ni tisa, Mama Pacha. *M-to-to* ni tatu, ile *m* ya mwanzo inasimama peke yake na ndiyo inayokuponyoka. Ukihesabu haraka unaimeza. Ila angalia, *mwa-na-ngu* ni tatu na si nne, kwa sababu pale *m* imeungana na *wa*. Na *mbuzi* ni mbili, lakini *mbwa* nayo ni mbili, maana hiyo imebaki fupi mpaka *m* ikalazimika kujitegemea. Sikiliza ulimi wako, usifuate herufi.

Cha kufanya: badili "amelala" iwe "kalala". *M-to-to wa-ngu ka-la-la*. Nane.

---

MamaPacha_Duga

Haya, pokeeni. Wamelala wote wawili kwa pamoja, sijui kama itatokea tena wiki hii:

Mtoto wangu kalala
Nami nimekwisha kula
Sasa naanza suala
La kuwaza nilotaka

---

BibiWaPongwe

Mwanangu, vipande vimetimia na vina vitatu vimekaa. Ila sisi tunakwenda kwa *-pa* na wewe umefunga kwa *-ka*. Ama uufungue utenzi wako mwenyewe, ama ukitaka kuingia kwenye wetu ubadili kipande cha nne. Nakuachia, usiharakishe. Fikiri nalo ukibadili nepi.

---

MamaWaNgamiani

Basi tufanye hivi, tuwe na utenzi mmoja wa uzi huu. Kina cha mwisho ni *-pa*. Kila mtu aongeze ubeti anapoupata, hata ikiwa baada ya wiki, hakuna anayemdai mwenzie. Anayefuata asome ubeti wa mwisho kwanza, aujibu au auendeleze, asianze habari nyingine katikati. Ukikosea mizani utaambiwa kwa upole na utarekebisha. Nitaandika zote kwenye daftari la hesabu, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi walio karibu na mjini tukutane asubuhi pale maktaba, wenye watoto waje nao. Bibi, kama mjukuu wako anaweza kukuleta kutoka Pongwe, tutakupokea stendi.

---

BabaWaChumbageni

Mimi na mtoto tutakuja, mke wangu akiwa na zamu. Nilisema si mtu wa mashairi, lakini nimeanza kitu kwenye kochi la mteja. Je, utenzi wa silikanti unaruhusiwa humu, au ni lazima uwe wa mambo ya nyumbani?

---

MamaWaNgamiani

Unaruhusiwa, kaka, tena tunausubiri. Ila *si-li-ka-nti* ni mizani nne, ukimtaja tu umeshamaliza nusu ya kipande, kwa hiyo chagua vizuri mahali pa kumweka.